Chanjo Iliyopata Joto

Hapo zamani, si za mababu bali za juzi tu, katika kijiji kimoja cha milima ya Upare, umeme ulikatika na friji ya zahanati ikazima. Chanjo ya surua ikapata joto, ikaharibika. Muuguzi Namkunda alijua. Lakini nje kina mama walikuwa wamejaa, watoto migongoni, wengine wametoka mbali. Akaona aibu kuwarudisha. Akawachoma watoto chanjo ile ile, akanyamaza.

Muuguzi mwenzake, Mrutu, akagundua. Siku ya gulio akapanda juu ya kreti la soda, akapaza sauti: "Jamani, mmedanganywa! Watoto wenu wamechomwa dawa isiyo na nguvu!"

Gulio zima likaanza kuulizana. Namkunda? Namkunda huyu huyu aliyewazalisha?

Chanjo nyingine, nzima, ilipoletwa, Namkunda alipita nyumba kwa nyumba, akipiga magoti. "Nilikosa, mama zangu. Hii ni nzima. Leteni watoto."

Nakijwa, mmoja wa kina mama wale, akamfungia mlango. "Ulinidanganya ukinitazama machoni. Leo nikuaminije?"

Surua ikaingia. Mwana wa Nakijwa akaugua, akapona. Lakini jirani yake, Elinazi, alikuwa na mtoto mchanga, Mbonea, ambaye hakuwa amefikia umri wa kuchanjwa. Naye akaambukizwa na mwana huyo. Asubuhi moja Elinazi akamwinua amnyonyeshe, akamkuta wa baridi. Akasimama mlangoni mdomo wazi, sauti haitoki.

Matangani ndipo sauti ilipotoka. "Nani kaniulia mwanangu?"

Watu wakamgeukia Namkunda.

"Nilikosa mimi," akasema Namkunda. "Lakini nilikiri, na chanjo nzima nikaileta hadi mlangoni. Ilikataliwa."

"Mimi nilisema kweli," akasema Mrutu. "Tangu lini kweli ikaua?"

"Ulisema nusu," akajibu Elinazi. "Mbona hukuwaambia kuwa nzima inakuja? Uliwatia hofu, ukashuka, ukaenda zako."

Nakijwa akamsogelea. "Dada, nilimkinga mwanangu na mtu aliyekwisha kunidanganya. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?"

Elinazi akamtazama. Akawageukia waombolezaji.

Haya, nyinyi mnaonisikiliza, mjibieni Elinazi. Damu ya Mbonea iko mikononi mwa nani: aliyeficha, aliyefichua, au aliyefunga mlango? Na wakija tena na chanjo, wewe utafungua?