Bi Ngiri na Kizibo cha Bibi Yake

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kivivu. Nani kala kiporo akaja kusinzia hapa? Tena, na wazazi nao wafungue midomo. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Kidawa mwanangu, nipe hiyo chupa yako ya shule nilainishe koo. Mh. Kidawa, chupa hii imekula nini? Ni maji tu, eti. Nimesikia, ni maji tu. Shika chupa yako, iweke hapo mbele ya miguu yako, nikusimulie habari za mwenzako.

Hapo zamani za kale, wanyama walilima mtama kwa ujima. Leo shamba la huyu, kesho shamba la yule. Na katika wanyama hao alikuwapo Bi Ngiri. Bi Ngiri hakushika jembe. Kazi yake ilikuwa maji. Kila asubuhi anateremka chemchemini kwa Bi Chura, anakunywa palepale mpaka anatosheka, kisha anajaza kibuyu, glo glo glo, anakiziba, anakining'iniza kwenye jino lake lililopinda, anapanda kilima. Mkia juu, tingi tingi tingi.

Wenzake wakiuona ule mkia tu wanatupa majembe. "Mama Maji huyo anakuja." Bi Ngiri akilisikia jina hilo moyo unamjaa. Sura ya kuimbiwa hakuwa nayo, hilo mwenyewe alilijua. Shamba lake lilikuwa dogo. Lakini jina alikuwa nalo, na alilipenda.

Kibuyu chenyewe aliachiwa na bibi yake. Kizibo kilikuwa cha mti, na bibi alikizungushia ukambaa, kamba ya kusuka, kwa mkono wake mwenyewe ili kibane. Bi Ngiri hakuugusa ukambaa ule hata siku moja. Aliuheshimu.

Basi siku moja, jua kali, shamba la Mzee Nyati, kibuyu kikafika. Mzee Nyati akapokea kwanza, maana ndiye mkubwa wao. Akagugumia. Akatema. Pwaa!

"Maji haya yananuka kama ukwato uliolowa siku tatu," akasema.

Akapokea Pundamilia. Pwaa! Akapokea Swala, ambaye hutema kwa adabu, akageukia kando. Pwa.

Mzee Nyati akamtazama Bi Ngiri. "Mama Maji, chombo chako kikoje?"

"Chombo changu?" Bi Ngiri akashika kiuno. "Kibuyu hiki hakijawahi kutiwa maziwa. Hakijawahi kutiwa uji wala pombe. Tangu bibi yangu mpaka mimi, ni maji tu. Na maji ndiyo yanayoosha kila kitu. Nani kati yenu aliwahi kuona maji yakioshwa?"

Wakatazamana. Kweli, hakuna aliyewahi kuona.

"Basi kama si chombo, ni chemchemi," akasema Mzee Nyati. "Na chemchemini anakaa nani? Anaoga nani? Anazaa nani humohumo?"

Bi Ngiri akafungua mdomo, akaufunga. Bi Chura alikuwa shoga yake. Lakini jina la Mama Maji lilikuwa hatarini, na yeye akanyamaza.

Wakateremka wote, gadam gadam gadam, mpaka chemchemini. Mzee Nyati akatoa hukumu akiwa amesimama. "Bi Chura, unatuchafulia maji. Kesho jua likifika utosini tunarudi hapa. Tukukute umehama."

Bi Chura hakulia. Alisema polepole, "Mimi nitahama, Mzee, nina miguu. Watoto wangu je?"

Wakatazama majini. Viluwiluwi walikuwa wamejipanga ukingoni wanasikiliza, kichwa na mkia, kichwa na mkia. Miguu hawakuwa nayo hata mmoja. Wangetembeaje nchi kavu, na jua lile? Wangekauka kabla ya kufika njia panda.

"Hilo utalijua mwenyewe," akasema Mzee Nyati, na wakaondoka.

Asubuhi Bi Ngiri akateremka na kibuyu chake, mkia chini. Akamkuta Bi Chura ameketi juu ya jiwe, kitandiko kimefungwa, sufuria imefungwa.

"Shoga," akasema Bi Chura, "niazime kibuyu chako. Niwatie watoto humo niwabebe. Nikifika mto wa pili nitakirudisha."

Bi Ngiri aliona aibu mpaka masikio yakalegea. Akakitoa. Bi Chura akakijaza maji, akakilaza ukingoni, mdomo ndani ya maji. "Ingieni, wanangu. Mmojammoja, msisukumane."

Kiluwiluwi wa kwanza akaingiza kichwa. Akarudi kinyumenyume. Wa pili akaingiza kichwa, akarudi. Wa tatu hata hakufika.

"Mama," wakasema, "humu mnanuka."

"Watoto wako hawana adabu," akasema Bi Ngiri.

 Bi Chura alichuma jani la gimbi, akalikunja, akachota maji ya chemchemi, akampa shoga yake. Bi Ngiri akanywa. Yalikuwa baridi, matamu, kama siku zote. Kisha Bi Chura akamimina maji ya kibuyu kwenye jani lilelile, akampa.

Bi Ngiri akanywa. Pwaa!

Akakaa chini. Alikuwa hajawahi kunywa kwenye kibuyu chake, yeye alimaliza kiu yake palepale chemchemini. Sasa ameonja, na hakuna wa kumsingizia. Moyo ukamuuma kwelikweli.

"Shoga, nimekufukuzisha," akasema.

"Bado sijafukuzwa. Jua liko wapi?"

Jua lilikuwa linapanda. Wakainuka. Bi Chura akachota changarawe konzi moja, na mchanga konzi moja, akatia kibuyuni, na maji kidogo. "Tikisa."

Bi Ngiri akatikisa. Chaka-chaka, chaka-chaka. Akamwaga. Pukutu! Ukatoka utando wa kijani, mnene, unaburuzika. Viluwiluwi wakapiga kelele kwa furaha, maana watoto hawajawahi kuchukia kuona uchafu wa mtu mzima. Akatia tena changarawe. Chaka-chaka. Na mikono ilipozoea, miguu nayo ikaanza kucheza, na Bi Chura akatoa sauti:

"Kibuyu, cheza, cheza."
*Chaka-chaka.*
"Utando, toka, toka."
*Chaka-chaka.*

Mara ya tatu maji yakatoka meupe. Bi Ngiri akasuuza, akajaza, akaziba, akatikisa kwa ushindi, akazibua. Kiluwiluwi wa kwanza akaingiza kichwa. Akarudi kinyumenyume.

"Mama, humu bado mnanuka."

Bi Chura akacheka. "Umeoga, shoga, ukavaa nguo ileile."

Bi Ngiri akatazama kizibo mkononi. Akakificha kifuani. "Hiki hakiguswi. Ukambaa huu aliuzungusha bibi yangu."

"Najua. Nilikuwa namwona hapahapa. Na alikuwa akiufungua kila lini?"

Bi Ngiri akataka kujibu kwamba haufunguliwi.  Mara akakumbuka bibi yake ameketi mlangoni, kila siku ya gulio, mapajani ana jivu na dodoki. Bibi anafungua ukambaa. Bibi anasugua, shwa shwa shwa. Bibi anaanika juani. Kisha bibi anazungusha ukambaa upya, anaimba. Na yeye Ngiri, alipokuwa mdogo, alikuwa akiondoka kwenda kucheza kazi inapoanza, anarudi inapoisha. Alichokiona ni ule mzunguko wa mwisho tu. Kibuyu alikirithi. Kazi ya kibuyu hakuirithi.

Akaufungua ukambaa. Chini yake palikuwa peusi, panateleza. Hata Bi Chura, anayeishi matopeni, alirudi nyuma hatua moja.

Basi wakaleta jivu, wakaleta dodoki. Shwa shwa shwa. Kizibo juu, kizibo chini, na kile kijifereji cha katikati ulimokaa ukambaa. Ukambaa ukapata maji yake peke yake. Wakaanika kila kitu juu ya mwamba, kibuyu mdomo chini, kizibo kando, ukambaa umenyooshwa. Mwamba ulikuwa wa moto. Vilipokauka, Bi Ngiri akazungusha ukambaa kwa mkono wake mwenyewe, akajaza. Viluwiluwi wakaingia wote kwa mkupuo, wakakataa kutoka.

Gadam gadam gadam. Jua lilikuwa utosini.

"Shoga," akanong'ona Bi Chura huku akiwatoa watoto, "waambie chemchemi imetakata yenyewe. Watakunywa, wataona, yataisha. Jina lako litabaki."

Lilikuwa neno tamu. Bi Ngiri alilionja. Lakini aliwatazama wale watoto, kichwa na mkia, akajua kwamba mwaka mwingine, maji mengine, wangekuja kufukuzwa tena. Akatoka mbele ya wanyama wote. Akapiga magoti ya mbele chini, pua mavumbini, akimwelekea Bi Chura, si Mzee Nyati.

"Uchafu ulikuwa wangu," akasema. "Chemchemi ni safi. Sikuosha kibuyu kwa sababu kinabeba maji tu, na ukambaa wa kizibo sikuufungua tangu bibi afe. Nilijua shoga yangu anasingiziwa, nikanyamaza. Nisamehe, Bi Chura. Na jina la Mama Maji lichukueni, mpeni mwingine."

 Mzee Nyati akakichukua kibuyu, akanywa. Hakutema. Akanywa tena, akamaliza.

Hapo kiluwiluwi mmoja, mdogo kuliko wote, akainua kichwa majini. "Na hicho cha babu kinanuka."

Wote wakageuka. Begani kwa Mzee Nyati palikuwa na kibuyu chake cha safari. Mzee akazibua. Akanusa kizibo. Machozi yakamtoka, na si ya huzuni. Pundamilia akanusa chake. Swala akanusa chake, akageukia kando.

Mzee Nyati akakohoa. "Bi Chura," akasema kwa sauti ya chini, "hizo changarawe mnachota wapi?"

Weee! Siku hiyo hakuna aliyelima. Ukingo mzima, chaka-chaka, chaka-chaka. Bi Chura anaimba, wanyama wanaitikia, viluwiluwi wanapiga maji kwa mikia. Kitandiko kikafunguliwa, sufuria ikarudi mafigani. Na jina? Walipochoka kucheza, koo zimekauka, walimwita nani? "Mama Maji, tupe maji." Bi Ngiri akalia hapohapo bila kuficha.

Na yale magoti aliyoyapiga, hakuyasahau. Mpaka leo ukimwona ngiri anakula au anakunywa, yuko magotini.

Mafunzo ni haya: chombo cha maji nacho huchafuka, na uchafu hupenda kujificha kwenye kizibo. Fungua, sugua, anika. Na kabla hujamnyooshea mwenye chemchemi kidole, nusa kibuyu chako.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye kizibo. Kidawa, jivu liko jikoni. Na nyie wengine mnaosukuma chupa zenu nyuma ya mgongo, nimewaona.