Nafasi Moja kwa Watoto wa Namsifu

Sikilizeni hadi mwisho, na atakayejibu asijibu kwa pupa.

Katika milima ya Upare aliishi mjane, Namsifu binti Kadeghe, mama wa watoto watatu. Wa kwanza ni Nakiete. Huyu alijaliwa masikio: mbuzi akikohoa ng'ambo ya bonde, alijua ni wa nani. Wa pili, Kirumbe, alijaliwa kumbukumbu: neno likimwingia halikutoka. Wa tatu, Naetwe, alijaliwa mikono: fundo lililowashinda watu wazima alilifungua huku akipiga soga.

Juu ya kijiji palikuwa na ndiva, bwawa la mawe na udongo la kumwagilia mashamba. Asubuhi moja ya masika Nakiete aliacha kupeta mahindi.

"Mama, ukuta wa ndiva unanong'ona."

Namsifu alitazama juu. Ukuta ulikuwa mkavu. Hata hivyo alipiga yowe, watu wakapanda mbio.

Walikuta mlango wa maji umezibwa na matope, maji yamejaa hadi ukingoni na ukuta karibu kupasuka. Wazee wakabishana namna ya kuyatoa. Kirumbe akasema, "Babu aliniambia kuna mlango wa zamani. Hatua tisa kutoka kwenye mkuyu."

"Hatua za nani?"

"Zake. Na alikuwa akichechemea."

Walihesabu kwa kuchechemea, wakachimba, wakafikia tundu jembamba. Kizibo kilikuwa ndani kabisa, kimefungwa kwa kamba, na mkono wa mtu mzima haukupita. Naetwe alilala kifudifudi, akauzamisha mkono hadi begani, akapapasa, akafungua. Maji yakashuka taratibu, kijiji kikapona.

Jumatatu iliyofuata alikuja Mwalimu Mkuu, Togolai Mrutu, na fomu.

"Mama Nakiete, tumepewa nafasi moja ya mtoto mwenye kipaji. Atasomeshwa bweni hadi chuo. Andika jina. Ijumaa naichukua."

"Na hawa wawili, mwalimu?"

"Hao watakuwa watoto wa kawaida."

Neno hilo alilisema mbele yao.

Namsifu alimkumbuka Mbazi, mtoto wa jirani aliyeteuliwa kwa nafasi kama hiyo miaka miwili nyuma. Alirudi likizo moja tu, akala peke yake, akimsahihisha mama yake kila neno. Mdogo wake aliyebaki alichana madaftari yake mwenyewe akawatandikia kuku. Lakini Namsifu hakuwa na uwezo wa kumpeleka sekondari hata mtoto mmoja, na fomu isiyo na jina ingekwenda shule nyingine.

Ijumaa aliketi na kalamu. Watoto waliozoea kubanana kwenye mkeka mmoja walikuwa wametengana: mmoja jikoni, mmoja kizingitini, mmoja uani.

Mvua ilikuwa imeanza upya. Mara Nakiete akainua kichwa, akakigeuzia upande wa ndiva.

"Umesikia nini, mwanangu?"

"Nitasema ukishaandika."

Mama akamgeukia Kirumbe. "Ndiva ilipobomoka zamani, babu alisema ilianzia wapi?"

Kirumbe aliitazama fomu, akampa mama kisogo. Naetwe alikuwa ameficha mikono kwapani.

Nje, viatu vya Mwalimu Mrutu vilisikika vikipanda njia.

Basi kalamu ni hii. Masikio, kumbukumbu na mikono viliokoa kijiji kwa pamoja, na fomu ina mstari mmoja. Je, wewe ungeandika jina la nani?