Mziba Upepo

Mziba upepo huziba na joto. Mmemsikia mama yule akimwambia mumewe sasa hivi, huyo mume alipokuwa akimkatalia binti yao kwenda kazini mbali, nanyi mnaniuliza upepo na joto vimejuania wapi. Methali hii ilianza hivi, kule juu Makete, katika kijiji cha Ilevelo, msimu ule nilipokuwa nikibeba viazi na kufanya kila kibarua kilichopita mbele yangu.

Ilevelo ni baridi. Asubuhi nyasi huwa nyeupe kwa sakitu. Kwa hiyo watu wa huko wana desturi: mwanamke akijifungua, mama mkwe wake hutangulia chumbani kuziba kila ufa, kwa matambara, kwa majani, kwa udongo. Upepo ukimgusa mtoto, aibu ni ya mama mkwe, na ataambiwa mpaka azeeke.

Basi wakajengewa wodi mpya ya wazazi. Darini lilipita bomba pana la bati lenye feni kubwa, la kuingiza hewa safi ili kikohozi cha mmoja kisiwe cha wote. Ukutani, juu ya kila kitanda, palikuwa na tundu lenye wavu. Hewa ilikuja safi kweli, ila ilikuja na baridi yote ya mlimani. Ndipo akaitwa fundi Lwitiko kutoka Mbeya afunge hita ndani ya bomba lile, mbele ya feni, hewa ipite hapo ipate moto kabla ya kushuka kwa wazazi. Mimi nikapata kazi ya kumshikia ngazi.

Siku hiyo wodini alikuwamo mjukuu wa Bibi Enesia, mtoto wa kiume aliyezaliwa kabla ya miezi yake kutimia. Mama yake, Sikuzani, alikuwa amemlaza kifuani, ngozi kwa ngozi, lakini vidole vya mtoto vilikuwa vinageuka zambarau. Sista Klemensia, mkuu wa wodi, alishaagiza gari.

"Wodi isipopata joto, tunamshusha mjini," alisema.

Barabara ile sote tuliijua. Wakati wa mvua magari yalilala njiani.

Fundi akakata bati, akaingiza hita, akakaza skrubu, akaunga nyaya. Akawasha feni, kisha hita. Taa nyekundu ikawaka, vigelegele vikapigwa. Kabla vigelegele havijaisha, taa ikazimika. Akawasha tena. Ikazimika tena.

"Fundi, umetuletea hita au kimulimuli?" mama mmoja akauliza, na wodi nzima ikacheka. Bibi Enesia hakucheka.

Lwitiko akafungua nyaya zote akaziunga upya. Wapi! Akaniambia hita ile ina kinga yake: isipopata upepo wa kutosha hujizima, isije ikaungua. "Lakini feni si hii inanguruma, kaka?" akashangaa. Akararua kipande cha karatasi, akakisogeza kwenye tundu la juu ya kitanda cha Sikuzani. Karatasi ikaning'inia tuli. Kitanda cha pili, tuli. Cha tatu, tuli.

"Akina mama," akasema taratibu, "kuna anayejua habari za matundu haya?"

Wazazi wakaangalia mablanketi yao. Mama wakwe wakaangalia dirishani.

"Nimeziba mimi," akasema Bibi Enesia. "Nimefungua wavu kwa kisu, nikashindilia gunia, nikaurudisha. Na hawa wenzangu vilevile, msijifanye. Ulitaka tuwaanike watoto kwenye upepo?"

"Bibi, moto huu hauna miguu. Upepo ndio unaoubeba."

"Kwa hiyo nikizibua, litashuka joto?"

Fundi akakuna kichwa. "Kwanza itashuka baridi, Bibi. Hewa iliyolala bombani ni ya baridi. Joto lipo nyuma yake."

"Baridi hiyo imshukie huyu? Huyu?"

Nje tukasikia honi ya gari. Sista akaanza kukusanya nguo za mtoto. Bibi Enesia akautazama mlango, akalitazama tundu.

"Mama," Sikuzani akasema kwa sauti ndogo, "zibua."

Bibi akapanda kwenye stuli, akang'oa wavu, akavuta gunia kwa mikono yote miwili. Wenzake nao wakapanda, kila mmoja kwenye tundu lake. Baridi ikamwagika pamoja na vumbi, watoto wakalia wote kwa pamoja. Bibi akashuka, akawafunika mkwewe na mjukuu kwa mwili wake, kama kuku juu ya vifaranga, mgongo ameuelekeza tunduni. Fundi akawasha.

"Fundi, baridi!"

"Ngoja, Bibi."

"Fundi, unaniulia mtoto!"

"Ngoja kidogo tu, Bibi yangu."

Kisha tukamwona Bibi anainua kichwa polepole.

"Mgongo wangu," akasema, "umeota jua."

Taa haikuzimika. Sista akatoka kumwambia dereva azime gari, aingie anywe chai. Hadi jioni, vidole vya mtoto vilikuwa vimerudi rangi ya vidole, na vilikuwa vimeikamata kanga ya bibi yake havitaki kuiachia.

Tangu hapo kila mama mkwe aliyekuja wodini na gunia kwapani alimkuta Bibi Enesia ameketi mlangoni. Wala hakuwa na maneno mengi.

"Rudi nalo nyumbani, mwenzangu," alikuwa akisema. "Mziba upepo huziba na joto."