Ufunguo wa Matroni Kalunde

Mwanamke mmoja alikuwa na ufunguo, nao aliuvaa shingoni kama hirizi. Aliitwa Kalunde, matroni wa shule ya bweni ya wasichana. Ufunguo ulikuwa wa kabati la bati, na kabatini mlikuwa na insulini, kipimo cha sukari na pakiti za glukosi za Nyanzobe, msichana wa kidato cha pili mwenye kisukari.

Kalunde hakuwa mjinga, msimsingizie. Mama yake Nyanzobe alikuja na mganga wa zahanati, wakamfundisha kutwa nzima: akitetemeka na kutoka jasho, sukari yake imeshuka mno, mpe glukosi papo hapo, usingoje mtu. Bodi ya shule nayo ikampa barua yenye mhuri: akifuata mafunzo kwa nia njema, hatashtakiwa wala kufukuzwa, litokee litakalotokea. Akaisoma mara saba. Lakini woga ukishapanga moyoni, hauhamishwi kwa barua.

Siku ya mbio za mabweni, wenzake walimleta Nyanzobe wamemshika mabegani. Jasho lilimchuruzika, midomo ikimcheza.

"Matroni, glukosi," akasema.

Kalunde akaushika ufunguo. Hapo hapo akaiona mahakama. Akaziona pingu. Akajiona hadi ndani ya sare ya jela, tena inambana kiunoni.

"Mpe basi, matroni! Mwenzetu anazimika!"

"Kelele! Akinifia mikononi atafungwa nani, ninyi? Kamwiteni mkuu wa shule, aje aone kwa macho yake."

Mkuu alikuwa ng'ambo ya shamba la shule, akipima mahindi. Alikuja mbio, viatu vimejaa udongo, akipiga ukelele tangu mbali: "Fungua, mama, fungua!" Kalunde akafungua. Lakini meno ya mtoto yalikuwa yamekwisha kufungana, na glukosi ikamwagika kidevuni. Alikata roho ndani ya gari, kabla ya kufika hospitali.

Kalunde alipelekwa mbele ya hakimu, kule kule alikokuogopa. Hakuna aliyemuuliza alimpa mtoto nini. Aliulizwa alingoja nini. Akaitoa ile barua ya bodi, lakini barua ilikuwa imeulinda mkono unaotoa. Mkono uliofumbwa haikuujua.

Haya, ninyi mliokabidhiwa watoto wa watu: mtoto akizimika mbele yenu, mtakuwa mnamlinda nani?