Maji Yaliyotoka kwa Baba Mkwe

Mzee Asangwile alikuwa na mwana mmoja tu, Gwakisa, na hakutaka aende mbali. Akajenga nyumba ya ghorofa: juu akae yeye, chini akae Gwakisa na mkewe Tumpe. Siku ya kumwaga zege la sakafu ya juu, fundi bomba alimwomba asubiri kidogo, aweke kwanza vipande vya bomba pana mahali ambapo mabomba ya choo na bafu yangepita. Mzee akakataa. Majirani wamekuja kusaidia, wali uko jikoni, awasimamishe watu kwa ajili ya matundu? Zege likamwagwa zima.

Baadaye wakalitoboa kwa nyundo. Tundu likawa kubwa kuliko bomba, na nafasi iliyobaki ikajazwa karatasi za mifuko ya saruji. Juu yake wakapaka saruji kidogo, wakafunika na vigae. Kwa kweli sakafu ilipendeza.

Lakini kila mzee alipooga, maji yalilifuata bomba, yakapenya kwenye zile karatasi, yakadondoka chumbani kwa Tumpe, karibu na kitanda cha mwanawe mchanga. Kwa desturi ya kwao, mkwe hasemi na baba mkwe, wala hakutani naye njiani; na habari za bafu lake ndizo kabisa hazitajwi. Tumpe akamwambia mumewe. Gwakisa naye akaona aibu, akapanda juu ya stuli, akapaka dari chokaa. Doa likarudi, akapaka tena. Aliipaka dari ile kwa mapenzi, maskini, na hilo ndilo linaloniuma ninaposimulia.

Chumba kikaota ukungu. Mtoto akashikwa na kifua, akapona, akashikwa tena. Tumpe akamfunga mgongoni, akarudi kwa wazazi wake.

Mzee akaona kimya, hamsikii tena mjukuu wake akilia. Akashuka, akaingia chumba ambacho hakuwahi kukikanyaga, akainua macho. Chokaa ilikuwa imebanduka na kuning'inia, na tone likamwangukia usoni. Akamuuliza mwanawe kwa nini hawakumwambia.

"Baba," Gwakisa akasema, "tulikuwa tunakuheshimu."

Mzee alilia. Siku ile ile vigae vikavunjwa, karatasi zilizooza zikatolewa, na zege jipya likashindiliwa vizuri kulizunguka bomba, pamoja na dawa ya kuzuia maji. Zege lilipokauka, wakaijaza sakafu maji, wakangoja. Hakikudondoka kitu. Chumba kile sasa ni kikavu, lakini hakina mtu. Wazazi wa Tumpe wamekataa kumrudisha, nami siwezi kuwalaumu.

Nanyi mnaonisikiliza: nyumbani kwenu, ni nani anayelowa kimya kimya kwa sababu ya heshima yenu?