Kitwitwi Mchunga Bahari

Hapo zamani, wanangu, zamani hasa, wanyama walipokuwa bado wakipigiana hodi, Kitwitwi alikuwa na nyumba yake ufukoni mwa Atlantiki, kule jangwa linakoishia baharini. Ndege mwenyewe kiganja tu! Nyumba ni kishimo mchangani, na ndani mayai mawili, yamebakiza siku moja kuanguliwa.

Kutwa aliitazama bahari, asiichoke. Loo, mawimbi yale! Yanakuja meupe yakinguruma, yanajimwaga, shwaaa, yanarudi. Na shakwe waliotua mwambani wakiruka wote kwa mpigo, alijua linakuja lile kubwa. Kila mara mwili ulimsisimka.

"Hodi humu!" Fisi huyo, udenda unamtoka. "Nasikia una mayai, Bibi."

Moyo wa Kitwitwi ulipiga pa! Lakini hakukimbia.

"Karibu, Bwana Fisi. Ngoja kwanza niichunge bahari yangu."

"Bahari yako?"

"Tazama." Wimbi likarudi, akalifuata mbio, tiki-tiki-tiki. Likaja jingine, akapanda mbio, nalo nyuma yake. "Umeona? Nikishuka inanikimbia, nikipanda inanifuata."

Fisi alibaki mdomo wazi. "Mama yangu! Yote hii inakutii wewe?"

"Yote."

"Nifundishe! Nipate bahari, halafu nipate na mayai." Mnaiona tamaa hiyo?

"Shuka pale kwenye mchanga uliolowa. Uipe mgongo, maana bwana hamtazami mtumishi wake. Kisha sema: rudi!"

Fisi akashuka, akaipa bahari mgongo, kifua mbele. "Rudi!" Shwaaa, ikarudi. "Rudi!" Ikarudi. "Ha! Kumbe kazi yenyewe rahisi!"

Puruuu! Shakwe wakaruka wote. Nyuma ya Fisi bahari ikainuka, ya kijani, juu kuliko ule mwamba, jua limeipenya hadi ndani. Kitwitwi aliduwaa, akasahau hata woga wake. Uzuri gani huo!

"Bibi, mbona umenyama—"

Bwaaa! Wimbi likambeba, likambiringisha, likamtupa juu ya mawe, hoi, masikio yamejaa mchanga. Alipopata pumzi alitimka kuelekea jangwani.

"Bibi!" alipiga kelele huko aendako. "Bahari yako haisikii!"

"Haijawahi kunisikia hata siku moja, Bwana," alijibu Kitwitwi. "Mimi ndiye ninayeisikiliza."

Hadithi imekomea hapo ufukoni. Nanyi kumbukeni, mwenye kutazama vizuri humshinda mwenye meno.