Kivuli cha Matofali

Kwenye uwanja wa matofali wa Bwana Luhende hapakuwa na kivuli ila cha mwavuli wake mwenyewe. Siku jua la Tabora lilipomwangusha Shija akiwa anakanda udongo, mfyatuaji mwenzake Nyamizi alikwenda kuomba banda.

"Bosi, mtu nusura afe."

"Mtu si siagi," Luhende alijibu, akijipepea kwa kofia. "Mmwagieni maji, aendelee."

Nyamizi akammwagia Shija maji, akamnong'oneza neno, akarudi kufyatua.

Wiki ile matofali mabichi yakaanza kupasuka kama visigino vya Luhende. Mwenyewe akaja mbio, mwavuli umepinduka.

"Yana nini haya?"

"Jua, bosi. Yanazimia."

"Mbona mwaka jana hayakuzimia?"

"Hata Shija mwaka jana hakuzimia. Tena yeye tulimmwagia maji akaamka. Tofali ukilimwagia maji linarudi kuwa tope."

Luhende akashika kiuno. Kesho yake likasimama banda refu la nyasi.

"Na sisi tufyatulie juani, tuyabebe kuyaleta humu?" Nyamizi aliuliza kwa adabu.

"Una wazimu? Tofali bichi likibebwa linapinda. Fyatueni humu humu, wala msitoke."

Nyamizi akaingia kivulini, akanyoosha mgongo, akangoja mwavuli upotelee mbali.

"Shija," alisema, "sasa rudisha zile pumba kwenye udongo. Bila pumba tofali hupasuka hata likilazwa kitandani kwa bosi."